Sura ya Sita: Kupimwa Karibu na Nyumbani

Vitongoji iko Pemba, mashariki ya mji wa Chake Chake, mwendo mfupi wa gari ukishaipita Wawi. Ni nchi ya mikarafuu, minazi na mihogo, na ukiteremka pwani unawakuta wavuvi na kina mama wa mwani. Kwa miaka mingi hospitali yake ilitajwa pamoja na wenzake watatu: Micheweni huko huko Pemba, Kivunge na Makunduchi kwa upande wa Unguja. Hizo nne ndizo watu walizoziita hospitali za koteji, zilizowekwa ili mtu wa shamba asilazimike kubebwa mpaka mjini kwa kila maradhi yanayozidi uwezo wa kituo cha afya.

Majengo mapya yalikuja kwa sababu ya ugonjwa wa mapafu. Mwaka 2021, UVIKO-19 ikiwa bado inasumbua, Shirika la Fedha la Kimataifa liliikopesha Tanzania dola milioni 567, na Zanzibar ikapata fungu lake la karibu shilingi bilioni 230. Serikali ya Rais Hussein Ali Mwinyi ilielekeza sehemu ya fedha hizo kwenye hospitali za wilaya, na Vitongoji ikawa miongoni mwa zilizojengwa. Janga lile lilitufundisha sote, hata tusiosomea udaktari, kwamba mtu anaweza kukaa anazungumza na wenzake huku hewa ya damu yake inakwisha, na asijue mpaka apimwe.

Hilo ndilo linalonifanya niandike sura hii. Maradhi ya moyo na mapafu yanatuua visiwani kwa sababu tunayakuta yamekwishakomaa. Mashine kubwa zipo Unguja na Dar es Salaam, na nashukuru zipo, lakini hakuna mtu anayepanda boti kwenda kupimwa kitu kisichomuuma. Atapimwa ikiwa kipimo kiko njiani kwake, ikiwa kinachukua asubuhi moja na si wiki, na ikiwa anayempima anamjua kwao. Nitavitaja vipimo ambavyo hospitali ya ngazi ya Vitongoji inapaswa kuviweza, kimoja baada ya kimoja, na nitakaa zaidi pale ninapoona tunapoteza watu wengi.

Tuanze na presha. Uchunguzi wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 uliikuta presha ya kupanda kwa takriban theluthi moja ya watu wa miaka 25 hadi 64. Ukiwaingiza ukumbini watu thelathini waliokuja harusini, kumi miongoni mwao wanayo, na wengi wao hawana habari. Tumezoea kuamini kwamba presha ni kichwa kuuma na shingo kukaza, kwa hiyo kichwa kikitulia mtu huacha vidonge. Ukweli ni kwamba presha inaweza kukaa mwilini miaka kumi bila kumuuma mtu popote. Moyo unaosukuma damu kwenye mishipa iliyokaza ni chombo kinachopiga bisho mwaka mzima: kinakwenda, lakini kinachakaa. Kwanza misuli yake hunenepa, kisha huchoka na kutanuka, na hapo ndipo miguu inapovimba, mtu akashindwa kulala chali, akaamka usiku wa manane anatafuta dirisha.

Mwaka 2014 Abel Makubi na wenzake wa Muhimbili walichapisha habari za wagonjwa 427 ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa kazi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, na chanzo kilichoongoza, kwa karibu nusu yao, kilikuwa presha. Miaka miwili kabla yake, utafiti uliokusanya wagonjwa 1,006 kutoka nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulipata wastani wa miaka 52. Ulaya na Marekani maradhi haya huwapata zaidi watu waliokwishapindukia miaka 70. Kwetu yanamkuta mtu bado anasomesha watoto na bado anapanda mkarafuu.

Kifaa chenyewe ni cha zamani na rahisi. Daktari wa Kiitaliano, Scipione Riva-Rocci, alionesha kitambaa cha kujazwa upepo mkononi mwaka 1896, na Mrusi Nikolai Korotkov akaeleza mwaka 1905 sauti zinazosikika mshipani upepo unapopunguzwa. Tangu hapo kanuni ni ile ile. Kinachobadilika ni umakini wa anayepima, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu presha inapimwa vibaya kuliko kipimo chochote ninachokijua.

Tuseme mama mmoja amefika asubuhi kutoka pwani. Ametembea kwenye jua, amembeba mjukuu, na ndani ya baibui amevaa gauni la mikono mirefu. Muuguzi akimfunga kitambaa pale pale mlangoni, juu ya nguo, huku akimuuliza habari za nyumbani, namba itakayotoka ni ya safari, ya nguo na ya mazungumzo. Muuguzi anayeijua kazi yake huanza mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimechelewa, gari zilikuwa shida."

"Hukuchelewa. Mpe dada huyu mtoto, ukae upumzike kwanza. Tutapima baadaye."

Dakika tano zinapita. Mgongo umeegemea kiti, nyayo ziko chini, miguu haikupishana. Pazia linavutwa, mkono unatolewa nguo na kuwekwa juu ya meza, usawa wa moyo. Kitambaa kinagusa ngozi, na ni cha kiasi cha mkono wake, kwa kuwa kidogo kwenye mkono mnene hupandisha namba bure. Hapana anayezungumza. Anapima, anangoja dakika moja, anapima tena, anaandika zote mbili. Ikiwa ni 140 kwa 90 au zaidi, na siku nyingine ikarudi hivyo hivyo, basi mama yule ana presha, na ana bahati ya kuijua mapema. Ikiwa ni 180 kwa 110, hapaswi kurudi nyumbani kabla ya kuonana na daktari.

Hapo ndipo mahali pa kuzungumzia jiko. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Ng'onda na papa mkavu wamehifadhiwa kwa chumvi. Huwezi kumwambia Mpemba asile ng'onda, lakini unaweza kumwambia amroweke, amwage maji, na mchuzi wake usitiwe chumvi nyingine. Ushauri kama huu unaingia masikioni pale anayeutoa anapokijua chakula chenyewe.

Kwa watoto, kipimo cha mapafu kinachookoa roho nyingi kuliko vyote hakitaki umeme. Ni saa yenye mshale wa sekunde. Mtoto ametulia, hakulia, fulana imepandishwa, na mpimaji anahesabu pumzi kwa dakika nzima bila kukatisha. Kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili mpaka kabla ya kutimiza mwaka, ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Mtoto wa miezi miwili au zaidi mwenye kikohozi anayefikia hesabu hizo huchukuliwa kuwa na nimonia, ile tuliyokua tukiisikia ikiitwa kichomi, na huanzishiwa amoksilini siku hiyo hiyo. Ikiwa mbavu za chini zinaingia ndani anapovuta hewa, daktari amwone aamue kama atalazwa; akiwa ameshindwa kunyonya, hapo ni kulazwa. Mama akisema "mtoto wangu anahema sana" amekwishafanya nusu ya kazi ya daktari, na mhudumu asiyemhesabu mtoto huyo amemdhulumu.

Kisha kuna kile kibanio cha kidole ambacho watu wengi walikiona mara ya kwanza wakati wa UVIKO. Mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, ndiye aliyeibuni njia yake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kibanio hupitisha kidoleni mwanga mwekundu na mwanga mwengine usioonekana kwa macho, na kwa kulinganisha namna damu inavyoimeza miale hiyo miwili, hukisia ni sehemu gani ya damu imebeba oksijeni. Mtu mzima huwa 95 kwa mia kwenda juu. Chini ya 90 anahitaji oksijeni. Kuna jambo ambalo watu wetu wana haki ya kuambiwa: mwaka 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walionesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hiki kilikosa kuugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe, kwa kuwa rangi ya ngozi huuingilia mwanga. Kwa hiyo 92 au 93 kwenye kidole cha mgonjwa wa Pemba anayehema haimtoshi daktari kumwambia aende zake. Amtazame, amhesabu pumzi, ampime tena. Na hina kidoleni nayo huweza kuvuruga namba. Bibi harusi mgonjwa apimwe kidole kisicho na rangi, au ndewe ya sikio ikiwa kibanio chake kipo.

Oksijeni yenyewe, inapotoka kwenye mashine ya kuichuja hewani, inategemea umeme. Pemba iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2010, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kizima kilitegemea majenereta ya dizeli. Ninapofikiria wodi ya watoto naona kwamba waya ule ni kifaa cha hospitali kama vilivyo vitanda. Na bado umeme hukatika, kwa hiyo jenereta ya akiba na mtungi uliojaa ni sehemu ya huduma ya mapafu, na mkaguzi wa hospitali anapaswa kuviulizia kabla hajauliza habari za rangi ya kuta.

Kikohozi cha wiki mbili ni cha kupimwa makohozi. Hapana haja ya kungoja mtu akonde au ateme damu. Robert Koch alimtangaza kijidudu cha kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882, na kwa zaidi ya karne moja tulimtafuta kwa hadubini, kazi inayochosha macho na inayomkosa mara nyingi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mashine ya GeneXpert, ambayo husoma vinasaba vya kijidudu, hutoa jibu ndani ya saa mbili, na humwambia daktari papo hapo kama rifampisini, dawa kubwa ya tiba hiyo, itafanya kazi. Picha ya kifua inasaidia, lakini makohozi ndiyo yanayosema. Na sampuli mbaya hutoa jibu baya: mgonjwa aelezwe kwamba mate hayatakiwi, asukutue maji, avute pumzi nzito, akohoe kutoka chini, na afanyie nje penye upepo. Kuhusu maabara Pemba haina sababu ya kujiona masikini. Pale Wawi, jirani kabisa na Vitongoji, ipo maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa Kiitaliano wa vimelea. Kazi zake zimesomwa dunia nzima.

Wapo wanaokohoa miaka na makohozi yao ni safi. Wengi ni wanawake waliopika kwa kuni, vifuu na makumbi ndani ya majiko yasiyo na dirisha, tangu wakiwa wasichana. Wengine wana pumu iliyopachikwa jina la kikohozi cha baridi. Kwao kuna spiromita, chombo ambacho Mwingereza John Hutchinson alikieleza mwaka 1846 baada ya kuwapima zaidi ya watu 2,000. Mtu anajaza kifua, anapuliza kwa nguvu zake zote mpaka pumzi imwishe, na mashine inalinganisha hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza na hewa yote. Anapewa dawa ya kupanua njia za hewa, anangoja robo saa, anapuliza tena: namba ikipanda vizuri, pumu inashukiwa zaidi. Ni kipimo cha bei nafuu na bado ni adimu katika hospitali zetu za wilaya. Jambo hilo linanisikitisha, kwa kuwa mwenye pumu anayepewa dawa za kifua kikuu kwa kubahatisha anapata hasara mbili.

Sasa ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, alikitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20 kwa mashine ya kilo zipatazo 270 iliyotaka watu watano kuiendesha. Mgonjwa alikaa mikono na mguu ndani ya ndoo za maji ya chumvi. Mwaka 1924 akapewa Tuzo ya Nobel. Leo mashine inabebwa kwapani, inabandikwa vipande kumi, sita kifuani na vinne mikononi na miguuni, na karatasi inatoka kwa sekunde chache. Inaonesha moyo unaopiga ovyo, moyo ulionenepa kwa presha, na misuli inayokosa damu mtu akiwa na maumivu ya kifua.

Vile vipande sita vya kifuani ndivyo vinavyoamua kama kipimo kitafanyika Vitongoji au hakitafanyika. Mwanamke wa Pemba hatavua kifua mbele ya kijana wa kiume asiyemjua, katika chumba ambacho mlango unafunguliwa kila dakika, na mimi simlaumu. Atasema maumivu yamekwisha, atarudi kwao. Kwa hiyo fundi wa kike, pazia linalofunga kweli na kanga safi ya kumfunika mara vipande vikishabandikwa ni vifaa vya ECG, na viingie kwenye bajeti ya hospitali pamoja na karatasi za mashine. Pahala penye stara, wanawake huja wenyewe na huwaleta dada zao. Vivyo hivyo kwa kijana ambaye moyo humwenda mbio ghafla na kwao wakasema ni jini. Sioni haja ya kugombana na wazee wake. Aje apimwe siku moyo unapokwenda mbio, maana karatasi iliyochukuliwa moyo umetulia huenda isioneshe chochote, na kisomo wanaweza kuendelea nacho jioni.

Kipimo ambacho ningependa kukiona kimezoeleka Vitongoji kuliko vingine vyote vikubwa ni ECHO, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Watu wa pwani wataipenda asili yake. Mwaka 1953, kule Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler alikuwa anatafuta njia ya kuuona moyo bila kupasua kifua. Rafiki yake mwanafizikia, Hellmuth Hertz, akaenda kwenye gati la kuundia meli la Kockums, Malmö, ambako mafundi walitumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa kwenye vyuma. Hertz alikielekeza kifaa kwenye kifua chake mwenyewe na akauona mwangwi ukicheza sawa na mapigo. Baadaye wakapata cha kuazima, na mwezi Oktoba mwaka huo wakarekodi moyo wa mtu kwa mara ya kwanza.

ECHO inahitajika sana kwetu kwa sababu ya watoto wa skuli. Mtoto anaumwa koo, koo linapona, na wiki chache baadaye viungo vinavimba kwa zamu, goti leo, kifundo kesho. Hiyo ni homa ya baridi yabisi. Mwili uliopigana na bakteria wa koo unaugeukia moyo, na kila homa inaporudi milango ya moyo inazidi kukakamaa au kuvuja. Ukimkuta mapema, tiba ni sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, sindano ambayo muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuichoma. Ukimchelewa, tiba ni upasuaji wa kubadilisha mlango wa moyo mbali na kwao, na kwa msichana ni hofu kila akishika mimba. Daktari mwenye masikio mazuri anaweza kuisikia sauti ya mlango unaovuja, lakini milango mingine huharibika kimya, na picha huiona. Mashine za siku hizi zinaingia mfukoni. Muuguzi au afisa tabibu aliyefundishwa vizuri anaweza kuitumia kuwachuja watoto, wanaotiliwa shaka wakaonwa na bingwa.

Na kina mama waliojifungua. Upo ugonjwa wa moyo kulegea unaoanza mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kuzaa. Mzazi anavimba miguu, anachoka, anakohoa akilala, na kila anayemtazama anasema ni uchovu wa uzazi, apewe uji wa pilipili manga. Akifanyiwa ECHO siku hiyo na kuanza dawa, anaweza kupona kabisa. Kila mkunga wa Vitongoji ajue kwamba mzazi anayehitaji mito mitatu ili alale anatakiwa kwa daktari kabla jua halijachwa.

Kupima bila dawa ya mwezi ujao kunamvunja mtu moyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar ilitangaza matibabu bure, na Mzanzibari amelelewa akijua hivyo. Akiambiwa vidonge vya presha vimekwisha akanunue, wengine hununua vya siku kumi na kugawanya nusu nusu. Msimu wa karafuu watu hawaji kliniki, kwa hiyo wapewe dawa za miezi miwili kabla ya msimu. Ramadhani nayo ina hesabu yake: mgonjwa anayemeza mara tatu kwa siku ahamishiwe kwenye dawa ya mara moja, anywe wakati wa futari au daku, na anayetumia dawa ya kukojoza aulize mapema, asije akaishiwa maji mchana. Daktari asipoyataja haya mwezi wa Shaabani, mgonjwa atayapanga peke yake.

Na anayepewa rufaa? Njia iko wazi kuliko zamani. Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko ng'ambo ya maji, Unguja. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015 pale Muhimbili, hufanya upasuaji ambao zamani ulimpeleka mtu India, na wataalamu wake hutoka kwenda mikoani katika kile kinachoitwa tiba mkoba. Ukipewa barua ya rufaa usiondoke nayo peke yake. Omba iandikwe presha yako ya siku mbalimbali, majina ya dawa na vipimo vyake, na uombe nakala ya karatasi yako ya ECG, hata kama waliisoma wakasema ni nzuri. Mistari ya karatasi hiyo huweza kufifia, kwa hiyo ipige picha kwa simu na uitunze. Siku utakapofika Dar es Salaam na kifua kinakubana, daktari ataiweka ya zamani kando ya mpya, na mstari uliobadilika baina ya hizo mbili utamwambia aharakishe.